Babu wa 1690 na Mtoto wa Februari

Baba mkwe wangu ni mtu wa Massachusetts, Marekani, na maradhi yake ni nasaba. Kwake huwezi kupewa hata chumvi kabla hujasikia habari za babu yao wa kwanza, Mpuritani, yaani Mkristo wa msimamo mkali wa enzi zile, mcha Mungu asiyebanduka kanisani. Mama mkwe kaisikia hadithi hiyo tangu siku ya harusi yao. Siku hizi ikianza, yeye huenda kuosha vyombo vilivyokwishaoshwa.

Mwaka jana mzee alipata picha za daftari la ndoa na vizazi la mji wao wa asili. Akachora mti wa ukoo, mkubwa kama kanga mbili zilizoshonwa pamoja, akautundika ukutani siku ya Shukrani, ukoo mzima ukiwa mezani. Miwani kaisahau garini, na nje baridi ya kuua.

"Kijana, sauti unayo. Tusomee."

Nikasimama. "Alioa Mei 1690." Makofi. "Mtoto wake wa kwanza akazaliwa Februari 1690."

Makofi yakakatika. Mimi ni wa Tanga. Mbele ya mkwe hata neno mimba hulimeza, na sasa ndiye niliyelitangaza mbele ya bata mzinga.

"Februari si inatangulia Mei?" akauliza shemeji yangu mdogo, ambaye shuleni hesabu zilimshinda.

Mama mkwe akatoka jikoni mikono ina povu, akavuta kiti. "Rudia hapo, mwanangu. Polepole."

Mzee akawa mwekundu. Balaa lake ni kwamba historia anaijua: mahakama za Wapuritani ziliwatoza faini, hata kuwachapa viboko, wanandoa ambao mtoto wao aliwahi mno. Akamlaumu karani. Mama mkwe akataka kujua kama faini ililipwa au bado tunadaiwa.

Maktaba ilipofunguliwa tu, mzee akaniburuta hadi kwa bibi mmoja wa kumbukumbu za kale. Bibi yule hata daftari hakulitazama. Hadi 1752, alisema, Uingereza na makoloni yake, Massachusetts ikiwemo, waliuanza mwaka tarehe 25 Machi. Baada ya Desemba 1690 ikaja Januari 1690, kisha Februari 1690, na 1691 ikangoja zamu yake. Makarani makini waliandika 1690/91; wa kwetu alibania wino. Hata George Washington, kwa kalenda ile, alizaliwa 11 Februari 1731, na leo vitabu vinasema 22 Februari 1732.

Njia nzima mzee aliimba zaburi. Nyumbani akamweleza mkewe yote, na tarehe za Washington juu yake. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kukunja vidole: Juni, Julai, Agosti... Februari ikaangukia kidole cha tisa.

"Tisa kamili," akasema. "Na huyu ndiye asiyebanduka kanisani?"