Umeme wa Taka Nairobi: Wanaouliza Maswali Si Maadui wa Maendeleo

Kila unapotajwa mpango wa kuchoma taka za Nairobi ili kupata megawati 45 za umeme, anayehoji huambiwa anapenda uchafu. Anaonewa.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Jaa la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka Machi 2017 na kuua watu zaidi ya 110. Kiteezi ya Kampala ikafuata Agosti 2024. Dandora nako, kwenye jaa kuu la Nairobi, taka huungua peupe, na moshi wake huvutwa na watoto bila kichujio chochote. Tanuri linaloendeshwa vizuri lingekuwa afadhali kuliko hali hiyo.

Lakini tupige hesabu. Mtambo wa Reppie, uliojengwa palepale Koshe na kuzinduliwa 2018, ulisanifiwa kuchoma tani 1,400 kwa siku kwa megawati 25. Kwa uwiano huo, megawati 45 zinadai tani 2,500 hivi kila siku. Nairobi nzima hukadiriwa kuzalisha takriban tani 2,400. Yaani tuzoe kila ganda la ndizi katika kila mtaa, tusirejeleze hata chupa moja, na bado tupungukiwe!

Tena zaidi ya nusu ya tani hizo ni mabaki ya vyakula na mboga, yaliyojaa maji. Benki ya Dunia inashauri taka za kuchomwa zitoe wastani wa joto la megajuli 7 kwa kilo, zisishuke chini ya 6 msimu wowote. Masika nayo ni msimu. Taka zikilowa, joto huishia kukausha maji, na kinachookoa moto ni plastiki, karatasi na katoni, vitu vilevile ambavyo waokotaji wa Dandora huviuza kulipia kodi na karo.

Watetezi hujibu kwamba taka zikitenganishwa, kama Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inavyoagiza, zitawaka vizuri. Ni kweli. Ila mabaki ya vyakula yakienda kwenye mboji na plastiki kwa warejelezaji, kinachobaki hakikaribii tani 2,500. Labda kinatosha tanuri dogo, na hilo ningeliunga mkono.

Kwa hiyo kabla ya mkataba kusainiwa, kaunti ipime unyevu wa taka za Aprili, itangaze matokeo, na iseme wazi ni nani atakayelipa tani zikipungua.