Kabla ya kufunga gulio, pelekeni mizani

Pita soko la Tandale magari ya mahindi yakishusha, au soko la Ilala viazi vinapoteremshwa, uyatazame magunia. Mengi yamevimba kupita mdomo, na juu yake imesukwa kamba kama wavu kushikilia kilichozidi. Hiyo ndiyo lumbesa. Kila inapozungumzwa hapa Dar es Salaam, lawama hushuka moja kwa moja hadi kwenye gulio, lile soko la kijijini la siku moja kwa wiki. Wanasema huko ndiko dalali anakomlalia mkulima. Kwa hiyo magulio yafungwe, mazao yapite ghalani na kuuzwa kwa stakabadhi, yaani hati ya mzigo uliowekwa humo, au mkulima aunganishwe kwa simu na mnunuzi wa mjini.

Wanaosema hivyo si watu wa kupuuzwa. Stakabadhi ghalani ina sheria yake tangu 2005, na kwenye korosho imefanya kazi ambayo hakuna aliyeona kangomba Mtwara na Lindi atakayeibeza. Kangomba ni hivi: mnunuzi alikuwa anafika kwa mkulima mwenye njaa kabla ya msimu wa mauzo, anampimia kwa bakuli lake mwenyewe na kuondoka na mavuno kwa bei ya kutupa. Korosho zikikusanywa ghalani, zikapimwa na wanunuzi wakashindana mnadani, mkulima ana nguvu. Hapo sina ubishi.

Lakini korosho huvunwa msimu mmoja, karibu zote zinakwenda nje ya nchi, na wanunuzi wake ni wakubwa. Mama mwenye debe mbili za maharage, jogoo mmoja na mafungu ya mchicha, mnada wa nani utampokea? Malipo ya ghalani husubiri mnada ufanyike na makato yapigwe. Yeye anahitaji chumvi, sabuni na daftari la mtoto leo jioni. Gulioni anauza debe moja, la pili anarudi nalo kama bei haikumpendeza. Haki hiyo ya kurudi na mzigo nyumbani tunaidharau sana sisi tunaonunua kwa kilo dukani.

Na mafundi je? Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, pwani ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu na kuvipakia kwenye mitumbwi hadi Matema kuviuza. Wasukaji wa vikapu vya milulu Iringa, wasukaji wa mikeka ya ukindu, mhunzi anayenoa majembe: hawa hawana ghala wala ushirika wa kuwakusanyia. Soko lao ni siku ile watu wanapokuwa na fedha mkononi, na watu huwa nazo siku ya gulio kwa sababu wametoka kuuza mahindi. Aliyeuza debe ananunua chungu. Mwenye chungu anakula kwa mama lishe. Mama lishe kanunua mchele na kuni palepale asubuhi. Ukiyahamishia mahindi ghalani peke yake, mzunguko wote huo unakatika, na mfinyanzi ndiye wa kwanza kukosa.

Turudi kwenye lumbesa, maana hapo ndipo hesabu inapouma. Gunia la kilo 100 la mahindi, wakulima hulihesabu debe sita. Likijazwa debe saba na kulipwa kama sita, debe moja kati ya saba imekwenda bure. Ni asilimia 14 ya mzigo: palizi, mbolea na jasho la mtu. Anayeuza magunia sita ya namna hiyo ametoa bure gunia zima, akijua. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakikamata. Lakini jiulize gunia hilo linashonewa wapi. Mara nyingi ni shambani au uani kwa mkulima, mnunuzi akiwa peke yake, kaja na magunia yake na vijana wake wa kushindilia. Gulioni watu huuziana kwa debe na sado, yaani kopo dogo la kupimia, wanunuzi wamepangana, na asiyeridhika na huyu anahamia kwa yule wa pembeni. Ukilifunga gulio, unamrudisha mkulima kwenye ule ua, mbele ya mnunuzi mmoja.

Gulio lina dosari zake, tena kubwa. Yapo madebe yaliyogongwa kitako ili yameze zaidi. Mvua ikinyesha, nafaka inalowa. Choo hakuna, au kipo cha kutisha. Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao hadi asilimia 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula, na kumwondolea ushuru anayetoa mzigo usiozidi tani moja halmashauri moja kwenda nyingine. Uamuzi mzuri, ila mwenye magunia mawili kwenye bodaboda, amesimamishwa kwenye kizuizi cha ushuru, atajitetea kwa karatasi gani?

Hii ya kuuza moja kwa moja Dar kwa simu naiunga mkono nusu. Simu imeshasaidia: mkulima anauliza bei ya Tandale kabla ya kutaja yake. Ila debe mbili hazikodi lori la Fuso, na anayefika mjini na nyanya zake akiwa mgeni atapokelewa na dalali vilevile, safari hii nyanya zikiwa zinaoza.

Halmashauri zinakusanya ushuru gulioni kila wiki kwa mashine. Sehemu ya fedha hiyo ibaki hapohapo, inunue mizani iliyohakikiwa, na asimame nayo mtu wa kijiji asiyenunua wala kuuza. Baada ya mizani lijengwe paa, kisha choo. Kila siku ya gulio debe lenye shaka limwagwe kwenye mizani hiyo mbele ya watu.