Vifo vingapi sio swali, uliza wamekufa na miaka mingapi

Kila zikitoka takwimu za vifo za mwaka, kaunti kwa kaunti, watu wanakimbilia mstari wa juu waone ni wapi wamekufa wengi. Hapa South Dakota, jimbo la Marekani, jibu ni kaunti ya Minnehaha, na itabaki Minnehaha, maana ndio kuna sehemu kubwa ya jiji la Sioux Falls na sensa ya 2020 iliikuta na watu 197,214 wakati jimbo zima halikufika hata laki tisa, sasa hapo umejua nini? Umejua watu wanaishi wapi, basi.

Shuka mpaka kaunti ya Jones. Watu 917, yaani kama sekondari moja ya kwetu. Tuseme mwaka huu wamezika 7 na mwaka ujao 14, mtu akiandika vifo vimeongezeka mara mbili hajadanganya lakini pengine ni wazee saba tu ambao hawakuvuka baridi. Ndio maana CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, kwenye data za kaunti wakikuta vifo 1 hadi 9 wanaficha namba, marehemu asije akatambulika, na kiwango kilichopigwa kwa vifo chini ya 20 wanakiwekea alama kwamba si cha kutegemea. Naunga mkono kabisa, mahali padogo vile kila mtu anajua msiba wa kila mtu. (Na kifo kinaandikwa kaunti aliyokuwa anaishi marehemu, mkulima wa Jones akifia hospitali ya Sioux Falls bado ni wa Jones.)

Inayoniuma mimi ni kaunti ya Oglala Lakota. Zamani iliitwa Shannon, jina likabadilishwa 2015, yote iko ndani ya Pine Ridge, ardhi waliyobakiziwa Walakota, wenyeji wa asili wa huku. Watu 13,672. Ukiangalia idadi ya vifo tu unaipita bila kushtuka, na hata ukigawa kwa idadi ya watu bado inajificha kwa sababu imejaa watoto na vijana, wakati kwenye kaunti za wakulima, vijana walishahama, wamebaki wazee, na wazee wanakufa, ndio kawaida ya dunia. Lakini watafiti walipopiga hesabu ya umri wa kuishi mwaka 2014 kwa kaunti zote za Marekani, hapa ndipo palikuwa chini kuliko pote, miaka 66.8. Summit kule Colorado ilikuwa 86.8. Miaka ishirini jamani! Na hiyo sio bahati mbaya ya mwaka mmoja kama pale Jones, ni kisukari, ni ini, ni ajali za barabarani, ni vijana kujiua, miaka nenda miaka rudi.

Mimi naomba safu moja tu iongezwe pembeni ya idadi: kati ya waliokufa, asilimia ngapi hawakufika 65. Iwekwe hiyo tuone kama Minnehaha itabaki juu.