Ambu ipo, haraka ya nini?

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya wauguzi hapa Dodoma, na kila nikifungua simu naikuta. Kijana kavaa skrabu imenyooka, muziki unapiga, anashindana na saa kufunga mirija ya mashine ya kupumulia. Mashine inamwomba ifanye jaribio lake la awali. Yeye anabonyeza kuliruka, anageukia kamera, anatabasamu. Chini, makofi na alama za moto kibao. "Komando!" kaandika mmoja.

Komando wa nini?

Wenzangu wa ICU, wadi ya wagonjwa mahututi, mnajua jaribio lile linafanya nini. Mashine inapuliza hewa ndani ya mirija ileile utakayomfungia mgonjwa, inatazama kama kuna mahali panapovuja, inapima mirija inatanuka kiasi gani na inaibania hewa njia kiasi gani. Mirija ni laini, hivyo kila pumzi hewa kidogo inaishia humo kuitanua, haifiki kifuani. Mtu mzima ambaye kwa urefu wake tunamhesabia kilo 70, kwa mililita 6 za hewa kila kilo anapata 420 kwa pumzi moja. Upungufu huo anaweza kuuhimili. Mtoto wa kilo 5 anapewa 30. Toa hiyo hewa iliyopotelea njiani, uniambie kilichomfikia. Ukiruka jaribio, mashine inapiga hesabu za mirija ambayo haijaipima. Na kile kifuniko kidogo cha tundu la kipimo cha joto, kinachopenda kusahaulika wazi, utakigundua mgonjwa akiwa tayari ameshuka oksijeni.

Najua mtakachosema: dharura, mtu anakata roho, nani ana muda wa majaribio? Hoja hiyo nimeisikia hadi kwa madaktari ninaowaheshimu, na siikubali. Ambu, ule mfuko wa kumpumulia mgonjwa kwa kubana kwa mkono, iko wapi? Kama haipo kichwani pa kitanda, imeunganishwa na oksijeni, basi kuna kosa kubwa kuliko hilo la mashine. Mmoja anabana ambu, mwingine anapima mashine. Mwaka 1952, polio ilipoivamia Copenhagen, mamia ya wanafunzi wa udaktari walikaa vitandani kwa zamu, wiki baada ya wiki, wakiwapumulia wagonjwa kwa kubana mifuko kwa mikono. Sisi tunaombwa dakika chache tu!

Haya, usiku uko peke yako na wadi imejaa, hakuna wa kukushikia ambu. Hapo nakubali, shingo upande. Lakini hiyo ni sababu ya kuiandaa mashine mapema. Mashine isiyo na mgonjwa ifungwe mirija safi, ipimwe, ifunikwe, ibandikwe karatasi yenye tarehe na jina la aliyeipima. Akija mtu saa nane za usiku, unaitegemea. Ukibadilisha mrija hata mmoja, pima upya.

Mengine kwa kifupi. Chombo cha maji ya moto cha kuipa hewa unyevu na chujio la kutunza unyevu wa pumzi ya mgonjwa havikai pamoja: chujio linalowa, linaziba, mgonjwa anakosa hewa. Lakini kimojawapo lazima kiwepo. Tunalalamika upepo wa Agosti wa hapa unapasua midomo, kumbe hewa ya mabomba ya ukutani inayoingia kwenye mashine ni kavu kuupita, na mwenye tyubu kooni hapumui kwa pua ya kuilainisha. Kikombe cha kukusanyia maji kiwe chini kuliko sehemu yote ya mirija. Maji yamwagwe, yasirudishwe kwa mgonjwa. Mirija ibadilishwe ikichafuka au ikiharibika, siyo kwa sababu Jumatatu imefika.

Wanafunzi wakija kwa mazoezi nawaambia waguse kila kiungo kwa mkono, kuanzia mashine hadi mdomoni. Macho yanadanganya, kiungo kilichokaa upande ukikitazama unaona kimefunga.

Na ninyi wa manunuzi, msijifiche nyuma ya huyo kijana. Kuna wadi ninayoifahamu ilipokea mashine kwa hotuba na mapicha, ila pafu la majaribio halikuwemo. Kifuko cha raba tu, cha kufunga mwishoni mwa mirija badala ya mgonjwa! Sasa wanafunga glovu kwa plasta mwishoni mwa mrija na kuomba isichomoke. Glovu inajaa hata kwa pumzi ya mzaha, haikuambii lolote la maana. Mkiagiza mashine, pafu hilo liandikwe kwenye oda hiyohiyo, na mirija ya watoto pia.