Nani atautunza mche baada ya picha?

Mmeandika kwamba miteremko ya Mlima Elgon ipandwe miti ili maporomoko ya ardhi ya Bududa, mashariki mwa Uganda, yasijirudie. Naunga mkono, ila ulizeni kwanza nani atautunza mche baada ya picha kupigwa. Kwetu, juu ya Mbale, tuliletewa mikaratusi ikashushwa kando ya barabara. Mingi ilikaukia kwenye viriba, vile vifuko vya miche.

Kilichodumu ni tulichochimba wenyewe: matuta ya fanya juu, yaani udongo wa mtaro unatupwa upande wa mlimani, ukingoni tunapanda majani ya mabingobingo. Yanashika udongo na ng'ombe anayala, kwa hiyo hakuna anayeyang'oa. Kwenye kahawa tumeacha miti ya miringaringa itoe kivuli.

Juzi, baada ya mvua ya usiku kucha, nilishuka shambani nikakuta maji yametulia mtaroni, mekundu kama chai ya rangi. Udongo wangu haukwenda mto Manafwa. Nilisimama pale muda mrefu.

Mwaka 2010 kule Nametsi, kijiji cha Bududa, mlima ulifukia watu na maduka yao, na sisi wa huku hatujasahau. Wahisani karibuni sana, lakini njooni kabla ya mvua za Machi, mkae na kina mama wanaolima miteremko hii, muwaulize wanataka mti gani.