Mchakamchaka mtamu, mifupa inadai mzigo

Ukipita Mafiati kuelekea Mwanjelwa Jumamosi alfajiri, huna haja ya kuuliza vikundi vya jogingi vya Mbeya vimejaa akina nani. Ni akina mama. Fulana za rangi moja, kanga kiunoni, spika juu ya bajaji, kiongozi anaimbisha mchakamchaka na nyuma wanaitikia. Iringa ni hivyohivyo, ongeza tu mlima wa Ipogolo unaomaliza pumzi.

Siku hizi akina mama haohao wanarushiwa kwenye simu ushauri wa aina nyingine: ukishavuka arobaini, kukimbia na kucheza muziki ni kujichosha bure, nenda kanyanyue vyuma. Wengi umewaudhi. Nawaelewa, maana umeandikwa kwa kebehi, mara nyingi na kijana ambaye hajawahi kuamka saa kumi usiku ameloa jasho la kukoma hedhi. Lakini nadhani kebehi hiyo imetufanya tuitupe na hoja iliyokuwa ndani yake.

Kwanza haki ya mchakamchaka. Unasaidia moyo, unashusha presha, unasaidia sukari na usingizi, na hakuna daktari atakayebisha. Zaidi ya hapo, watu wanaurudia. Mama ambaye wiki yake nzima ni ya duka, watoto, mume na misiba ya ukoo anapata saa moja ya kwake, anacheka, na akikosekana wiki mbili wenzake wanabisha hodi kujua anaumwa nini. Jimu haibishi hodi. Mazoezi yasiyopendwa huachwa, na yakishaachwa hayamsaidii mtu yeyote, hata yawe yamepangwa kitaalamu namna gani.

Tatizo ni kwamba tumesoma nusu ya maelekezo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hizo tunazijua, zinatajwa kila bonanza. Mwongozo huohuo unataka pia mazoezi ya kukaza misuli yote mikubwa, angalau siku mbili kwa wiki. Hiyo sijasikia kiongozi wa jogingi akiitangaza kwenye spika.

Na kwa mwanamke wa umri huu, hiyo ndiyo nusu yenye haraka. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, kwa makadirio ya asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi. Hedhi ikikoma, kwa wengi karibu na miaka 50, homoni ya estrojeni iliyokuwa inalinda mifupa inashuka, na katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Haiumi. Hutajua mpaka siku utakapoteleza kwenye utelezi wa masika ukajishikiza na kiganja, mkono ukavunjika kwa anguko ambalo binti yako angeamka na kujikung'uta.

Hapo ndipo ninapojibiwa jibu la nyumbani: "Mimi nimekulia Rungwe, nimebeba mikungu ya ndizi kichwani toka darasa la tatu, leo unifundishe mzigo?" Jibu hili nalipenda, na kwa aliye bado shambani Makete au Ludewa, anayepiga jembe na kushuka na kuni mlimani, lina nguvu. Lakini anayelisema mara nyingi ana miaka 52 na yuko mjini. Maji yako bombani jikoni. Gunia la mchele linabebwa na kijana wa toroli. Kutoka Kabwe hadi dukani ni bajaji, na dukani anakaa kwenye stuli mpaka jioni. Mzigo wa mwisho wa kweli kuubeba alikuwa ni mjukuu, naye sasa anatembea. Ubebaji wa utotoni ulimjengea mifupa mizuri ya kuanzia, hilo halibishaniwi, ila misuli isiyotumika inaondoka, na haiulizi uliipata wapi.

Hata anayebeba bado, ndoo yake ni ileile ya lita 20 kwa miaka thelathini. Mwili ukishauzoea mzigo hauna sababu ya kujiongeza. Milima yetu nayo inasaidia mapaja na pumzi, lakini mgongo na mikono haviguswi. Kutembea peke yake hakujaonekana kuongeza mfupa wa uti wa mgongo.

Kuna utafiti wa Australia, unaoitwa LIFTMOR, uliochapishwa 2018, ambao nimekuwa nikiwasumbua nao watu. Wanawake 101 waliokoma hedhi, wote wamevuka miaka 58 na mifupa yao imeshaanza kupungua, waligawanywa makundi mawili kwa miezi minane. Kundi la kwanza lilinyanyua vyuma vizito kwelikweli, mara mbili kwa wiki, nusu saa tu kila mara, mwalimu akiwa pembeni: kuinua chuma kutoka sakafuni, kuchuchumaa nacho mabegani, kukisukuma juu ya kichwa, na zoezi la kuruka na kutua kwa kishindo. Mfupa wa kiunoni, sehemu ya chini ya uti wa mgongo, uliongezeka asilimia 2.9. Wa kundi la pili ukapungua asilimia 1.2.

Wanaosambaza utafiti huu wanaishangilia 2.9. Inayonisumbua mimi ni ile 1.2, kwa sababu kundi la pili halikuwa limekaa kwenye kochi. Nalo lilifanya mazoezi mara mbili kwa wiki, nyumbani: kujinyoosha, kupiga hatua ndefu, kuinua vitu visivyozidi kilo 3. Soma tena orodha hiyo. Ndiyo yaleyale tunayofanya uwanjani baada ya mbio, tumezunguka duara, chupa ndogo za maji mkononi, tukihesabu moja hadi nane. Wenzetu waliyafanya kwa bidii miezi minane na mfupa ukaendelea kupungua. Asilimia 1.2 ni ndogo kuitamka, lakini kwa mwendo huo mwaka mmoja ni karibu 1.8, na mwanamke huyu bado ana miaka ishirini au thelathini ya kuishi na mgongo wake.

Sitaki kuubebesha utafiti mmoja mambo ambayo haukusema. Watu 101 si wengi, na waliofanyiwa hawakuwa wakipalilia mahindi. Usalama wake pia ulitokana na usimamizi: aliyepata tatizo kundi la vyuma alikuwa mmoja, mgongo ulimkaza kidogo. Ondoa mwalimu, sina hakika hesabu ingebaki hiyo. Na hapa wapenda mchakamchaka wana hoja ambayo wapenda vyuma huiruka. Jimu nyingi za miji yetu ni chumba kimoja chenye vijana wanaojitazama kwenye kioo, vyuma vya zege, na mtu wa mapokezi ambaye akimwona mama mwenye presha hajui amwanzishe wapi. Mama akigeukia mlangoni simlaumu. (Hofu ya kuota misuli kama dume, hiyo tuiache. Homoni inayojenga misuli ya namna ile wanawake tunayo kidogo mno.)

Kwa hiyo sioni kwa nini mama achague. Muziki usizimwe. Zikatwe dakika 25 za mwisho za Jumamosi, zile za kurusha mikono, itafutwe na jioni moja katikati ya wiki. Juni na Julai, baridi ikikaza, hata sebuleni kwa mtu. Kifaa kipo kila nyumba: dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unajua hasa unachoinua. Anza na lita 8 ndani ya dumu la 20. Simama, dumu katikati ya miguu, sukuma makalio nyuma kama unayefunga mlango huku mikono imejaa vyombo, mgongo umenyooka, shika, toa pumzi ukiinuka. Ukifikisha mara kumi na mbili bado unapiga soga, maji ni machache: ongeza lita mbili. Mwenye subira atafika siku ya kuinua madumu mawili yaliyojaa, kilo 40, na hizo si chupa za duarani. Mwenye presha apime kwanza na asibane pumzi. Aliyewahi kuvunjika au aliyeanza kupinda mgongo amwone daktari kabla ya kuinama na mzigo.

Na supu ya baada ya mbio, inayosemwa vibaya sana, naitetea: misuli inajengwa kwa protini. Maharage, maziwa na dagaa wa Ziwa Nyasa vinafaa vilevile.

Kinachobaki ni mwalimu, na huyo analipika. Kikundi cha watu 30 kikichanga shilingi 1,000 kila mmoja kwa wiki, mwezi mmoja ni 120,000. Fulana mpya za bonanza zinazidi hapo. Fedha hiyo imlete mtu anayejua kuona mgongo uliokunjwa, mara mbili kwa wiki, miezi mitatu ya kwanza, mpaka akina mama wajue kusahihishana wenyewe.