Mwizi Akishaanguka Chini

Julai 9, 2025, siku mbili baada ya maandamano ya Saba Saba, Rais William Ruto alisema jijini Nairobi kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitali, kisha afikishwe kortini. Asiuawe, ila mguu uvunjwe. Mawakili na watetezi wa haki wakaja juu. Lakini kamuulize mwenye duka aliyevunjiwa mlango katikati ya jiji kwenye maandamano ya Juni 25, uone kama naye atakuwa mwepesi wa kulaani.

Kauli ile ilihusu uporaji na uchomaji wa mali. Chini yake kuna swali ambalo mitaa yetu hulijibu mara kwa mara bila kumngoja rais: mwizi wa simu, wa mkoba, wa nguo kwenye kamba, ni halali kumuua?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Mchukue mama anayeuza mboga Muthurwa. Simu yake ndiyo benki: humo mna M-Pesa, deni la Fuliza, pesa za chama alizokabidhiwa kama mweka hazina, na namba za wateja anaowakopesha sukuma hadi mwisho wa mwezi. Kijana akipenyeza mkono kwenye dirisha la matatu pale Ngara na kuinyakua, mtaji umekwenda. Kituo cha polisi atapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha kuandikia matukio, na kwa wengi habari huishia hapo. Hata mshukiwa akishikwa, kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya dhamana, kwa hiyo si ajabu akarudi mtaani kabla ya wiki kwisha, akijua vizuri shahidi anaishi ploti gani. Shahidi naye anaitwa mahakama ya Makadara, kesi inaahirishwa, anaitwa tena, na kila akienda kibanda kimefungwa. Mtu aliyepitia hayo akikuambia kwamba tairi la kumchomea mwizi ndiyo mahakama pekee anayoiona ikifanya kazi, usikimbilie kumwita katili. Amechoka.

Halafu kuna ngeta. Anayekabwa koo kutoka nyuma kwenye daraja la wapita njia saa mbili usiku hana namna ya kujua kama mkono ule unataka simu au roho. Akipambana, na mkabaji akaangukia barabarani na kufa, sioni nani wa kumlaumu. Sheria nayo haimwachi peke yake: kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua utetezi wa mwili na hata wa mali, na mahakama hupima kama nguvu iliyotumika ilikuwa ya kiasi.

Wengine husonga mbele zaidi wakasema, mbona sheria yenyewe ina adhabu ya kifo? Ni kweli, ina. Wizi wa kawaida ni hadi miaka 3 chini ya kifungu cha 275. Kumwibia mtu kitu alicho nacho mwilini ni hadi miaka 14. Wakiwa wawili na wakatumia nguvu, hapo umefika 296(2), wizi wa mabavu, na adhabu iliyoandikwa ni kunyongwa. Sasa tazama serikali inavyoitumia adhabu hiyo. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia zaidi ya wafungwa 4,000 hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Yaani dola, baada ya mashahidi, wakili na rufaa, imesita kuua kwa karibu miaka 40. Umati wa soko la Gikomba, ambao haujasikiliza hata shahidi mmoja, unatakiwa uaminiwe kwa dakika kumi.

Wanaopenda kunukuu Biblia wakumbuke pia Kutoka 22. Mwizi akikutwa anavunja nyumba usiku na akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Jua likiwa limechomoza, anayo. Gizani mwenye nyumba hajui aliyeingia ana nini mkononi. Mchana anaona, anaweza kuita watu. Wizi wa simu jijini hutokea hata mchana, kwenye foleni, mbele ya watu mia.

Kwangu mimi ugomvi huu umewekwa vibaya tunapoupima kwa bei ya simu dhidi ya thamani ya uhai. Mstari uko mahali pengine: pale mwizi anapoanguka chini. Kabla hajaanguka, kuna hatari, kuna hofu, kuna mambo ya kubishania. Akishaanguka, simu imerudi, mikono imeshikwa, utetezi umekwisha. Kinachofuata ni adhabu, na wanaoitoa mara nyingi si walioibiwa. Aliyewahi kusimama karibu anajua: mwenye simu yuko pembeni anafuta kioo kwa kitenge na kukagua kama kimepasuka, huku jiwe la tatu likirushwa na mtu aliyeshuka boda boda sasa hivi, ambaye baada ya kurusha ndipo anamuuliza jirani yake, "Kwani ameiba nini?"

Huyo ndiye anayenitisha kuliko mwizi. Siku akipiga mtu asiye mwizi, na inatokea, hatajua, wala hatatafutwa.

Polisi hawana msamaha zaidi. Mwisho wa Machi 2017 ilisambaa video kutoka Eastleigh, mtu aliyevaa kiraia akimmiminia risasi kijana aliyekuwa tayari chini, watu wakitazama. Polisi walisema ni wa genge lenye silaha. Huenda, lakini alikuwa chini. Afisa mmoja alishtakiwa kwa mauaji miaka kadhaa baadaye. Miaka hiyohiyo, kurasa za Facebook zenye jina la Hessy, jina lililohusishwa na polisi, zilikuwa zikiweka picha za vijana wa Kayole na Dandora pamoja na onyo, na baadaye picha za maiti. Na wakazi walishangilia. Siwezi kujifanya sikuona kwa nini.

Na risasi ya mguu? Inasikika kama huruma, lakini paja lina mshipa mkubwa wa damu, ukikatika mtu anaweza kuisha kwa dakika chache. Tena mguu wa mtu anayekimbia katikati ya umati ni shabaha ngumu, na risasi iliyomkosa haisimami. Anayefyatua akubali kwamba anaweza kuua, yule aliyemlenga au mwingine.

Inabaki hoja ya kuwatisha wengine: wauawe wachache, wengine waache. Tairi zimechomwa miaka mingi Eastlands na simu bado zinanyakuliwa. Tena anayejua kwamba akishikwa atakufa kwa vyovyote ana kila sababu ya kubeba kisu, maana kuua hakumwongezei gharama yoyote.

Isitoshe, mnyakuzi ni mtu wa chini kabisa katika biashara hii. Ananyakua kwa sababu kuna mtu mwenye meza au duka, anayenunua bila kuuliza risiti, anayefungua simu na kubadilisha namba yake ya utambulisho, kisha anaiuza tena. Akifa mnyakuzi mmoja, kesho kuna mwingine mwenye njaa ileile. Mnunuzi ana anwani, ana kibali cha biashara, na kushughulikia bidhaa za wizi ni kosa la hadi miaka 14 katika kifungu cha 322. Polisi wakitaka kumpata hawahitaji risasi hata moja, na sisi tunaonunua simu za bei ya chini kupita kiasi tunajua wanakokaa.